Usafirishaji haramu wa binadamu usio na safari

Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Taja "usafirishaji haramu wa binadamu" kwenye kikao cha mtaa hapa Arusha, na watu watawaza lori, turubai, usiku wa manane, njia za panya za Namanga. Wenye kumbukumbu watataja wale raia wa Ethiopia zaidi ya 40 waliokutwa wamekufa kwa kukosa hewa kwenye lori mkoani Dodoma mwaka 2012, wakisafirishwa kuelekea kusini. Kisha kila mtu anatulia, kwa kuwa lori la namna hiyo mtaani kwake hajaliona.

Habari kama ile ya lori kwa kawaida huitwa magendo ya wahamiaji. Mtu anataka kwenda Afrika Kusini, hana hati, anamlipa wa kumvusha, na wakifika wanaachana. Anayekosewa kwanza hapo ni nchi ambayo mpaka wake umerukwa. Usafirishaji haramu wa binadamu humkosea mtu mwenyewe, wala hauhitaji mpaka. Mara nyingine haya mawili hukutana njiani: aliyelipa ili avushwe anaambiwa nauli imepanda, anafungiwa shambani mpaka aimalize kwa jembe. Hapo magendo yameshageuka kitu kingine.

Sheria yetu ya kuzuia kosa hili ilitungwa mwaka 2008, baada ya Tanzania kuridhia ile itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inayoitwa ya Palermo. Inataja vitendo kadhaa: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi, kumtoa, kumpokea. Kusafirisha ni kimoja tu kati ya hivyo. Mwenye nyumba aliyekaa sebuleni kwake akaletewa mtu mlangoni ameshaingia kwenye orodha, ikiwa alimpokea ili amtumikishe. Wapo wanaopendelea kusema "biashara haramu ya binadamu", nalo lina matatizo yake, maana watu huanza kutafuta fedha zilizolipwa wakati mara nyingi hakuna kilichotoka zaidi ya nauli ya basi. Mimi ningeulizwa ningechagua neno "kunasa". Lakini sheria imeshaandikwa.

Miaka michache iliyopita, mtaani kwetu upande wa Sakina, mama mmoja anayepitisha mboga asubuhi alikuwa na mteja kwenye geti jeusi ambalo halifunguki. Akigonga, mkono ulitokea chini ya geti na noti ya elfu moja iliyokunjwa. Fungu la figiri na la mnafu viliingia kwa njia ileile, chenji ikafuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tena hufungui?"

"Ufunguo anao dada, ameenda kazini."

Mwezi ukaisha hivyo. Sisi majirani geti lile tulilijua, tena tulilisifia: binti wa pale ana adabu, hazururi, haonekani na vijana wa bodaboda. Nami nilikuwa mmoja wa waliosifia.

Binti alikuwa na miaka 15, ametoka vijijini Kondoa. Aliyemleta ni mtu wa kijiji chao, aliyemwahidi mama yake kwamba asubuhi atafanya kazi ndogondogo na mchana ataenda kujifunza cherehani. Sindano hakuiona. Simu yake ilichukuliwa "isije ikamharibu". Yeye aliambiwa mshahara unatumwa nyumbani. Nyumbani waliambiwa unawekwa benki.

Ukitaka kuipima habari kama hiyo, uliza mambo matatu: kimefanyika nini, kwa njia gani, kwa lengo gani. Kitendo kipo, maana alitafutwa, akatolewa, akapokewa. Lengo lipo, kazi ya mchana na usiku bila malipo. Njia ilikuwa udanganyifu. Njia nyingine zinajulikana, vitisho, nguvu, utekaji, na hizo hakuna anayezibishia. Ipo moja ambayo hatupendi kuizungumzia: kutumia unyonge wa mtu. Mjane ambaye mvua imemkatalia misimu miwili na ana watoto watano ndani huna haja ya kumtisha ili umchukue mmoja wao. Unafika na kilo mbili za sukari, unamwita dada, unapewa mtoto na baraka juu yake.

"Lakini si alikubali mwenyewe?" Swali hili halikosekani. Kukubali kulikopatikana kwa uongo hakuhesabiwi, na kwa aliye chini ya miaka 18 hata ile hoja ya njia inaondoka. Mtoto akichukuliwa kwa lengo la kutumikishwa, kosa limetimia, hata kama hakudanganywa wala kuguswa, na ruhusa ya mzazi haimwokoi aliyemchukua. Nimeona mashangazi wakishtuka kusikia hivyo. Kwetu huku, Moshi na Arusha, watu wengi wamelelewa kwa mjomba au kwa baba mdogo, wakasoma, wakawa watu. Desturi hiyo sina ugomvi nayo. Inaharibika pale watoto wa mwenye nyumba wanapovaa sare saa kumi na mbili asubuhi, na "ndugu" yao wa umri uleule anabaki na ndoo na tambara la deki.

Mwanzoni mwa Januari, Wachaga wakianza kurudi Dar baada ya Krismasi, stendi ya Moshi hujaa mikungu ya ndizi, magunia, na mabinti wenye begi moja. Wengi wanakwenda kwenye kazi halali au kwa ndugu wa kweli, na kwa macho huwezi kumjua nani ni nani. Utaanza kujua ukiuliza namba ya simu ya mwenyeji anayo nani, na binti akikwama ana nauli ya kurudi.

Kinachomfunga mtu zaidi ya kufuli ni deni. Nauli ya kuja imeandikwa. Dawa ya malaria imeandikwa. Glasi iliyovunjika imeandikwa. Binti wa Sakina aliunguza shati la bosi, na pasi yenyewe ikafa siku hiyohiyo, akaambiwa atafanya kazi mpaka iishe kulipwa. Bei ya pasi hakuijua, wala hakujua anaongezewa shilingi ngapi kwa mwezi. Deni la namna hiyo haliishi kwa sababu mwenye daftari ni mmoja. Wanaokwenda kazi za ndani Uarabuni hukutana na jambo hilohilo katika sura nyingine: kwa utaratibu wa kafala mwajiri ndiye mdhamini wa kibali chako. Akiishika pasipoti yako, kinyume cha sheria au la, ukimtoroka wewe ndiye unayetafutwa.

Hapo ndipo linapoingia neno la pili, utumwa mamboleo. Hili ni mwavuli. Halina tafsiri moja katika mikataba ya kimataifa, ila hutumika kwa kazi za shuruti, utumwa wa deni, ndoa za kulazimishwa na huo usafirishaji haramu. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 50 walikuwa katika hali hizo, karibu milioni 28 kwenye kazi za shuruti na milioni 22 kwenye ndoa wasizozitaka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Tanganyika ikaufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Tangu hapo hakuna mwenye karatasi ya kummiliki mwenzake. Umiliki uliondoka, kutumikisha kukabaki, ndiyo maana ya hilo "mamboleo". Kiswahili chenyewe kinakumbuka: mtumwa ni anayetumwa. Kila mtoto hutumwa dukani, akarudi, akatoa chenji, akaenda kucheza. Huyu mwingine akirudi anatumwa tena, na hana siku ya kusema sitaki.

Tusilitumie neno ovyo, hata hivyo. Anayemlipa dada wa kazi kiduchu, au anayemcheleweshea mshahara, ana kesi ya kazi ya kujibu, na ajibu. Hajawa mfanyabiashara wa watu. Mimi hujiuliza jambo moja: huyu binti akitaka kuondoka kesho asubuhi, atapita getini?

Yule mama wa mboga hakupiga kelele, na katika hili alituzidi akili wote. Ukienda kugombana getini, usiku huohuo mtu anahamishiwa mji mwingine. Yeye aliuliza kidogo kidogo, siku moja jina, siku nyingine kijiji, nyingine jina la mama. Akayapeleka kwa balozi wa nyumba kumi, balozi akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na ofisa ustawi wa jamii akaja pamoja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Angeweza pia kupiga 116, namba ya bure kwa mambo ya watoto, au 112 ya polisi, lakini simu yake siku hizo ilikuwa haina betri.

Geti lilipofunguliwa sote tulikuwa nje tumesimama. Binti hakukimbia. Aliweka chini fagio, akamsalimia askari, akauliza ile pasi sasa nani atailipa.