Chai ya Kijani: Mvuke, Kikaango na Safari ya Jani

Katika kazi yangu ya usindikaji wa chai, swali ninaloulizwa zaidi ni iwapo chai ya kijani inatokana na mche wa aina yake. Haitokani, lakini anayeuliza asione haya, kwa kuwa Linnaeus mwenyewe, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1762, aliigawa chai katika spishi mbili, na ilibidi Mskoti Robert Fortune azuru mashamba ya China katika miaka ya 1840 ndipo Wazungu waanze kusadiki kwamba mche ni mmoja. Kinachotofautisha ni moto. Jani likishachumwa na kuvunjwavunjwa, vimeng'enya vyake (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) huligeuza kuwa la hudhurungi. Likipashwa joto kali mapema, vimeng'enya hufa na ukijani hubaki. Viwanda vya Kericho na Mufindi, ambavyo kwa sehemu kubwa hutengeneza chai nyeusi, kwanza hulinyausha jani, hulikatakata na kuliacha lichachuke.

Kwa maoni yangu, atakaye kuelewa jinsi chai ya kijani ilivyoenea afuate joto hilo. Katika karne ya 8 Lu Yu, mwandishi wa Kichina wa mambo ya chai, alieleza majani yanayopikwa kwa mvuke, kutwangwa na kugandamizwa kuwa mikate. Enzi ya Song nchini China ikazoea kuyasaga na kuukoroga unga wake bakulini, na huo ndio unywaji alioukuta mtawa Eisai, aliyerejea Japani na mbegu mwaka 1191. Mwaka 1391 mfalme Hongwu wa China alipoagiza kwamba kasri lipelekewe majani yasiyogandamizwa, mikate ikafifia na ukaangaji katika vyungu vya chuma ukashika kasi. China ikauacha unga, Japani ikaendelea nao, pamoja na mvuke wake. Ndiyo maana sencha, chai ya majani ya Kijapani, ambayo Nagatani Soen wa Uji anatajwa kuianzisha mwaka 1738, ina ladha inayokaribia mwani, ilhali Longjing, chai ya Hangzhou nchini China, iliyokaangwa, hunukia njugu.

Moroko ilizoea ya kukaangwa. Vita vya Krimea (1853–1856) vilipovuruga masoko ya kaskazini, wafanyabiashara wa Uingereza walizielekeza shehena zao kwenye bandari za Moroko za Tangier na Mogador (Essaouira ya leo). Iliyopendwa ni ile iitwayo baruti, ambayo kila jani huviringwa likawa punje ngumu, hivyo huvumilia safari ndefu bila kusagika. Huwa kali, na Wamoroko wanajua kuituliza: maji machache ya moto ya kwanza huhifadhiwa kwa ajili ya ladha, ya pili husukasukwa na kumwagwa pamoja na uchungu, kisha hufuata nanaa na sukari tele. Waonjaji wenzangu huinung'unikia sukari hiyo; mimi naona jani lenye nguvu namna ile linaistahimili.