Ukilipa getini hujalipia mtu wa kukuangalilia mtoto

Shule zikishafunga mwisho wa mwaka, malalamiko yanayofika kwetu sisi maafisa wa afya ya umma hapa Nairobi yanabadilika. Miezi ile mingine ni mitaro imeziba, maji taka, bucha chafu. Ikifika Disemba ni mabwawa: mtoto ametoka kwa slaidi na macho mekundu, mwingine ameendesha tumbo siku mbili baada ya kuogelea, mwingine amepotea kwa umati akapatikana upande wa maji ya watu wakubwa. Kwa hivyo naandika kwa familia ambazo ziko kwa mpango wa kwenda kwa bustani ya maji, iwe ni upande wa Lang'ata Road au kule Thika Road, na najua mnapanga kwa nia nzuri kabisa, mmechanga pesa, mmeahidi watoto tangu Agosti. Hakuna mtu wa serikali anataka kuwanyima hiyo siku.

Lakini hii lazima niseme wazi: pesa unayolipa getini ni ya kuingia na kupanda slaidi. Haijalipia mtu wa kukaa na mtoto wako. Yule kijana wa filimbi amesimama kando ya bwawa, laifugadi, anaangalia maji yote na vichwa vyote vilivyo ndani, kazi yake ni kuona mtu ameanza kuzama na kumtoa haraka. Hawezi kujua kwamba huyu wa kostyumu ya kijani ni wako, kwamba hajui kuogelea na amekudanganya anajua. Kila msimu kuna mzazi anatuambia "si kuna laifugadi?" na anasema akiwa ameketi mbali, kwa kivuli, na simu mkononi. Jamani, hapana.

Tumezoea kusikia kwamba mfa maji haachi kutapatapa, basi watu wanangoja waone kutapatapa. Mtoto hatapatapi. Mtoto akianza kuzama anakaa wima ndani ya maji, kichwa kimerudi nyuma, mdomo unatoka kidogo juu ya maji unarudi chini, unatoka tena unarudi, nywele zimemfunika macho na hazitoi, mikono inasukuma maji chini kama mtu anayepanda ngazi na haendi popote. Hapigi kelele kwa sababu hana pumzi ya kupigia kelele. Wenzake wako hapo hapo karibu wanarushiana maji na hawajui. Hiyo yote inaweza kuisha ndani ya dakika moja. Kwa hivyo mtoto akinyamaza ghafla kwa maji mwite jina, asipokujibu usingoje umwite mara ya pili, ingia umtoe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 25 Julai kila mwaka kwa ajili ya hili jambo. Sisi hapa kwetu tunalikumbuka Disemba, matangazo yakianza.

Familia kubwa ndiyo hunitia wasiwasi zaidi. Wamekuja matatu nzima, shosho, anko, anti, binamu, watu wazima ni wengi kuliko watoto, na kila mmoja anaamini mwingine ndiye anaangalia. Chagueni mtu kwa jina. "Saa hii ni wewe." Huyo mtu haongei na simu, haendi kuchukua chipsi, hajanywa pombe, na baada ya dakika kumi na tano au ishirini anapokezana na mwingine kwa kuambiana, sio kwa kudhania. Kwa mtoto ambaye hajui kuogelea lazima mtu mzima awe ndani ya maji pamoja naye, karibu kiasi kwamba akinyoosha mkono anamshika. Na tafadhali msiachie dada wa kazi watoto wanne wakati yeye mwenyewe hajui kuogelea, hiyo si haki kwake wala kwa watoto. Yale maboya ya kuvaa mkononi na yale ya bata ni vitu vya kuchezea, yanachomoka, yanatoka upepo. Kama unataka kitu cha kumshikilia mtoto juu ya maji uliza jaketi okozi la saizi yake, na hata akilivaa bado unakaa naye.

Kwa slaidi, ule ubao wa kupima urefu haukuwekwa kuwaaibisha watoto. Slaidi nyingi kubwa zinataka mtu wa kuanzia kama sentimita 120, kwa sababu mwili mdogo unarushwa tofauti kwa kona na unaangukia maji ambayo miguu haifiki chini. Kuna wazazi wanamsukuma mtoto asimame kwa vidole vya miguu ili apite, wengine wanagombana na kijana wa pale juu. Mkimshinda huyo kijana kwa maneno mmeshinda nini? Lala chali, miguu mbele, vifundo vya miguu umevikunja kimoja juu ya kingine, mikono kwa kifua, na usishuke mpaka uambiwe, kwa sababu yule aliyetangulia lazima atoke kwanza. Usimpakate mtoto kwa mapaja kwa slaidi ya kasi. Mguu wake ukishika ukuta, uzito wako wote ndio unaukunja. Cheni, bangili na hereni ndefu zibaki kwa mkoba, nywele ndefu na rasta zifungwe, na mtoto asikae kucheza karibu na dreni ya chini, yaani tundu la kutolea maji, haswa kama mfuniko umelegea au haupo.

Sasa maji yenyewe. Watu wanaamini maji yakinuka dawa sana ndiyo safi, na macho yakiwasha ni klorini imezidi. Mara nyingi ni kinyume. Ile harufu kali inatokea klorini ikikutana na mkojo, jasho na mafuta ya mwili, yaani klorini imekwisha kazi kwa uchafu ambao watu wameingia nao. Tukija kukagua tunachota maji chini ya uso, karibu urefu wa kiwiko, si pale juu, tunaweka kwa kichupa kidogo cha kioo na kutia kidonge cha kupimia, maji yanageuka waridi na tunalinganisha ile rangi na kadi. Tunatafuta klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kufanya kazi, ya kama miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8. Waridi ikitoka hafifu sana, au maji yasipogeuka rangi kabisa, hiyo klorini haitoshi kulinda mtu. Bwawa la nje lina shida ya ziada kwa sababu jua linakula klorini, na siku ya watu wengi inaweza kushuka kati ya asubuhi na saa nane, kwa hivyo kipimo cha asubuhi pekee hakitoshi na wenye mabwawa wanajua.

Wewe mgeni huna kichupa lakini una macho. Kama huoni sakafu ya bwawa na mfuniko wa dreni upande ule wa kina, usiingie, na usimwingize mtoto.

Na kuna sehemu yako. Oga kwa sabuni kabla ya kuingia, kuoga kabisa, sio kumwagia miguu maji. Jinzi na tishati za pamba za kutoka nazo nje haziingii kwa maji, zinaleta uchafu, zikilowa zinakuwa nzito na zinamvuta mtu chini. Nepi haizuii kinyesi kuingia kwa maji, hata zile za kuogelea zinachelewesha tu, kwa hivyo mkague mtoto kila baada ya muda mfupi na umbadilishie chooni, sio kwa kiti cha kando ya bwawa. Mtoto akiendesha tumbo haji. Najua ameahidiwa, najua atalia, lakini klorini ya kawaida inaua bakteria nyingi ndani ya dakika chache na haiwezi kriptosporidi, kadudu kasikoonekana kanakoleta kuendesha, haraka hivyo, hako kadudu kanaweza kuishi kwa maji yenye klorini zaidi ya siku saba, na mtoto aliyeambukizwa nako anafaa kukaa nje ya maji wiki mbili baada ya kuacha kuendesha. Akichafua maji mkiwa pale mwambie mhudumu saa hiyo hiyo. Kunyamaza kwa sababu ya aibu ndiko kunafanya watoto wengine wayanywe.

Maswali mengine nayajibu haraka kwa sababu yanachosha: ukimwi hauambukizwi kwa bwawa, msichana hapati mimba kwa kuogelea na wavulana, na kichocho kinatoka kwa maji yenye konokono, mito na mabwawa ya wazi, sio bwawa la vigae lililotiwa dawa vizuri.

Kama mtu ametolewa kwa maji hapumui, usimning'inize kichwa chini na usimkamue tumbo eti maji yatoke. Unampotezea muda na unaweza kumfanya atapike na matapishi yaingie kwa mapafu. Mlaze chali mahali pagumu, mwinue kidevu, anza na pumzi za mdomo, halafu bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa pumzi 2, kasi ya kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka apumue au usaidizi ufike. Mwingine apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hata akiamka na kuongea vizuri apelekwe hospitali.

Jua la Nairobi mnalidharau kwa sababu kuna baridi. Tuko juu ya mita 1,700, na kila mita 1,000 ukipanda miale inazidi kwa kama asilimia 10, hata kukiwa na mawingu. Kofia, mafuta ya jua, maji ya kunywa, na mtoto akianza kutetemeka midomo imebadilika rangi mtoe umkaushe. Chakula kibebeni kwa kikapu, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017 na faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili.

Kuhusu malalamiko. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 115, inakataza mtu kuacha kero ya kudhuru afya mahali anapomiliki au kukalia. Afisa akithibitisha, anatoa ilani chini ya kifungu cha 119 ikimtaka mwenye mahali aondoe hiyo kero kwa muda uliotajwa, asipotii anapelekwa kortini chini ya kifungu cha 120. Sampuli ya maji inachukuliwa kwa chupa maalum iliyotiwa kemikali ya kuzima klorini, inawekwa kwa kisanduku cha barafu na kupelekwa maabara. Kwa hivyo chupa ya soda uliyojaza maji ya bwawa na kutuletea Jumatatu haitusaidii. Wauza chakula wa ndani nao lazima wawe na cheti cha uchunguzi wa afya kinachofanywa upya kila miezi 6, na unaweza kuomba kukiona.

Kinachotusaidia ni wewe kuripoti siku ile ile. Andika saa, bwawa lipi ndani ya bustani, uliona nini, nani aliugua na alianza lini. Piga picha ya maji, usipige watoto wa watu. Peleka kwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo ambako hiyo bustani iko, Nairobi tuko nazo 17, sio ile ya mtaa unaoishi, kwa sababu ya mtaa wako itabidi iandike barua kwa ile nyingine na barua ikifika maji yatakuwa yameshabadilishwa.