Mabomu mjini: tunayoamini vijiweni na yaliyotokea kweli

Sisi huku Mtwara vita sio habari ya mbali kihivyo. Tangu 2017 ng'ambo ya Ruvuma, kule Cabo Delgado, Msumbiji, hakujatulia, 2020 kijiji cha Kitaya huku kwetu mpakani kikavamiwa, na ndugu zetu kibao wa kusini wanaishi Mbagala ambako ghala la silaha la jeshi lililipuka tarehe 29 Aprili 2009. Kwa hiyo jioni pale Mikindani kwenye kahawa, taarifa ya habari ikionesha mji unapigwa mabomu, kila mtu ana maelezo yake na mengi yametoka kwenye muvi. Mi kinachoniuma ni kwamba baadhi ya hayo maelezo yanaua watu, maana siku likitokea la kutokea, iwe ghala kulipuka iwe ghorofa kuporomoka, mtu anafanya kile alichokuwa anakiamini. Mifano mingi nimeitoa London ya Vita Kuu ya Pili, sababu kule mambo yaliandikwa, nani alilala wapi, nani alitolewa kifusini na hali gani.

"Watu wa London walikuwa wanalala wote kwenye stesheni za treni za chini"

Picha ni za kweli ila waliolala humo walikuwa wachache. Mji ulianza kupigwa kwa nguvu tarehe 7 Septemba 1940 na kwa karibu miezi miwili mfululizo ndege za Ujerumani zilikuja karibu kila usiku. Novemba wakafanya hesabu: waliolala kwenye stesheni za chini ni kama asilimia 4 tu, wengine asilimia 9 kwenye mahandaki ya umma, asilimia 27 kwenye vibanda vya kujikinga vya nyumbani (vile vya bati la migongo vinavyofukiwa nusu kwenye bustani, na mvua ikinyesha vinajaa maji). Waliobaki, yaani zaidi ya nusu, walikuwa ndani kwao, kitandani au chini ya ngazi, au kazini. Na serikali mwanzoni haikutaka kabisa watu walale stesheni, wananchi wenyewe ndo walikata tiketi ya bei chee wakashuka chini wakagoma kupanda mpaka asubuhi.

Afu chini ya ardhi sio lazima pawe salama. Stesheni ya Balham, 14 Oktoba 1940, bomu lilipiga barabara ya juu, mabomba ya maji na majitaka yakapasuka, udongo na maji vikaingia ndani, wakafa watu zaidi ya 60. Lakini inayonisumbua zaidi ni Bethnal Green, tarehe 3 Machi 1943. King'ora kimelia, watu wanashuka kwa utaratibu tu, ghafla ukasikika mlio mkubwa wasiouzoea, kumbe ni mizinga mipya ya kwao wenyewe ya kutungulia ndege iliyokuwa bustani ya jirani, watu wakasukumana, mama mmoja akajikwaa karibu na ngazi za mwisho, ngazi zenyewe zimelowa, taa moja hafifu, katikati hamna chuma cha kushikilia. Wakafa 173, na 62 kati yao watoto. Hakuna bomu lililoanguka pale usiku ule, hata moja. Mbagala nako kuna waliozama mtoni wakikimbia milipuko. Kwa hiyo ukiwa na watoto, njia ya kutokea na ya kukimbilia ni jambo la kulifikiria kabla, sio wakati mlio umeshasikika.

"Mji ukipigwa watu wanapagawa, kila mtu anajiokoa mwenyewe"

Hata wakubwa wa Uingereza waliamini hivyo kabla ya vita, wakaandaa hospitali kwa ajili ya wimbi la watu waliorukwa na akili. Wimbi lenyewe halikuja. Watu waliogopa sana, walilia, walikosa usingizi, ila asubuhi walifagia vioo wakaenda kazini.

Ila na mimi sikubaliani na wale wanaogeuza upande wa pili wakasema wote walikuwa mashujaa wameshikana mikono. Kulikuwa na wizi kwenye nyumba zilizobomoka, hata maiti waliibiwa pete. Mitaa ya maskini ya mashariki karibu na bandari ilipigwa vibaya kuliko ya matajiri, na mwenye hela alikuwa na pa kwenda. Plymouth, mji mwingine wa Uingereza, mwaka 1941 maelfu walikuwa wanatoka mjini kila jioni kwa miguu, kwa malori, kwenda kulala mashambani na kurudi asubuhi kufanya kazi. Kuna walioita huo ni uoga. Mi naona ni akili, mtu analala anapoweza kulala na kesho bado anapiga kazi.

"Waokoaji ni wanajeshi"

Hapa ndo pa kuelewa vizuri. Waliokuwa wanachimba vifusi London wengi walikuwa mafundi ujenzi: waashi, maseremala, mafundi bomba. Sababu iko wazi ukifikiria, fundi aliyejenga nyumba za aina ile miaka 20 anajua ukuta ukilala hivi nafasi inabaki wapi, sakafu ya juu ikishuka upande mmoja inaacha uwazi wa pembetatu kule chini, na humo ndo mtu anakuwa hai. Anajua boriti ipi ukiivuta nyumba yote inashuka. Kwa hiyo hawakuwa wanafukua ovyo kutoka juu, walichimba njia nyembamba ya kutambaa huku wanaegemeza mbao, wanatoa kifusi kwa vikapu na ndoo, mkono kwa mkono. Na kila baada ya muda inapigwa filimbi, wote kimya, injini zinazimwa, watu wanasikiliza kama kuna anayegonga au kulia kule chini.

Kabla ya hao mafundi hawajafika kulikuwa na walinzi wa mtaa, wengi wao wa kujitolea wenye kazi zao za mchana, na mmoja kati ya sita alikuwa mwanamke. Kazi yao kubwa haikuwa misuli, ilikuwa kujua. Mchukulie kama mjumbe wetu wa nyumba kumi aliye makini: anajua nyumba ile kuna bibi halali chumbani analala sebuleni, ile pale wameondoka juzi kwenda kijijini, ile ina mgeni na mtoto mchanga. Maelezo kama hayo yanaokoa masaa, maana hamchimbi sehemu isiyo na mtu. Jiulize mtaa wenu, iwe Ligula, iwe Chikongola, nani anajua nani kalala wapi usiku wa leo.

Hata mbwa, watu wanadhani lazima awe amefundishwa jeshini. Yule Rip wa Poplar, mashariki mwa London, alikuwa mbwa wa mtaani tu, aliokotwa baada ya nyumba kupigwa, akaanza mwenyewe kunusa watu kwenye vifusi, wanasema alisaidia kupatikana zaidi ya 100, na 1945 akapewa nishani.

"Kinachoua ni mlipuko"

Mlipuko unaua, ndio, ila miji mingi ilimalizwa na moto. Ndege zilimwaga vibomu vidogo vya moto, vya kilo moja hivi, maelfu kwa maelfu. Kimoja ukikiwahi dakika za mwanzo unakizima kwa mchanga au pampu ya mkono ya kuchovya kwenye ndoo. Ukichelewa paa limekwenda. Tarehe 29 Desemba 1940 katikati ya London iliungua vibaya kwa sababu ilikuwa Jumapili baada ya Krismasi, ofisi na maghala yamefungwa hakuna mtu wa kuangalia mapaa, na mto Thames maji yalikuwa yamekupwa, mipira ya zimamoto ikawa shida kufika majini. Kanisa kuu la St Paul's lilipona kwa sababu lilikuwa na watu wake juu ya paa wenye ndoo na mchanga.

Hamburg kule Ujerumani, usiku wa 27 kuamkia 28 Julai 1943, mioto iliungana ikawa dhoruba ya moto, upepo unavuta watu. Wengi walikufa ndani ya mahandaki bila hata kuguswa na moto, joto na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi iliwakuta wamekaa. Tokyo, usiku wa 9 kuamkia 10 Machi 1945, kwa makadirio yanayotumika sana walikufa kama 100,000 usiku mmoja, nyumba zilikuwa za mbao na karatasi.

"Dresden walikufa laki mbili na zaidi"

Hii ya mji wa Dresden, Ujerumani, inasambazwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Hiyo idadi ilitokana na propaganda za serikali ya Hitler. Tume ya wanahistoria iliyoteuliwa na mji wenyewe wa Dresden ikamaliza kazi 2010: waliokufa Februari 1945 hawazidi 25,000. Ni wengi mno, hawahitaji kuongezewa sifuri na mtu yeyote.

"Akishatolewa kifusini anaongea, amepona"

Hii naomba kila mtu aishike. Mwaka 1941 daktari Eric Bywaters wa hospitali ya Hammersmith pale London na wenzake waliandika kuhusu watu waliobanwa mguu au mkono kwa masaa chini ya vifusi. Wametolewa hai, wanaongea, wanashukuru. Baadaye mguu unavimba, presha inashuka, mkojo unakuwa wa rangi ya giza na unapungua, na ndani ya wiki moja hivi wengine wanakufa kwa figo kugoma. Nyama iliyobanwa inakufa, uzito ukiondolewa sumu yake inaingia kwenye damu inaenda kuziba figo na kuvuruga moyo.

Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tuliona wote, waliofukiwa walikuwa wanaongea na waokoaji, na raia ndo walikuwa wa kwanza kushika mabati na zege kwa mikono. Roho ile ni nzuri sana. Ila aliyebanwa muda mfupi tu mtoe haraka, aliyebanwa masaa, kama wahudumu wa afya wapo, waacheni waanze drip kabla hamjamwondolea uzito. Msimvute mguu kwa nguvu. Pigeni 114 ya Zimamoto na Uokoaji mapema, na mmoja wenu aandike hata kwenye simu saa ngapi alibanwa na saa ngapi katolewa, afu amwambie daktari mwenyewe pale mapokezi, hata kama mgonjwa anasema yuko fiti anataka kwenda nyumbani.