Ekseli, viti viwili na nukta ya njano: kubadili na kubalansi tairi la pikipiki nyumbani

Kijana mmoja anayebeba vifurushi kati ya Morogoro na Gairo aliniletea pikipiki yake akiwa amechoka nayo. "Mzee, usukani unatetemeka nikifika themanini. Nimebadilisha beringi, nimekaza spoki, bado." Nililiinua gurudumu la mbele, nikalizungusha polepole kwa mkono, nikaliacha litafute pa kusimama. Likasimama valvu ikiwa chini. Nikalizungusha tena, likarudi palepale. Mara ya tatu, palepale. Tairi lilikuwa jipya, lina wiki mbili, na aliyelifunga hakulibalansi, yaani hakuusawazisha uzito wake pande zote.

Wengi huku kwetu, mafundi wakiwemo, husema balansi ni ya magari. Sikubaliani nao hata kidogo, na hesabu inaniunga mkono. Chukua gurudumu lenye tairi la 2.75-17, kisha upande mmoja wa rimu uwe mzito kwa gramu 30, sawa na vijiko viwili vikubwa vya maji. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gurudumu hilo huzunguka kama mara 12 kila sekunde, na gramu hizo 30 huvuta ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, kila mzunguko. Shuka hadi 40, nguvu inabaki kama kilo moja, maana mwendo ukipungua nusu mvuto hupungua mara nne. Ndiyo maana dereva wa mjini hasikii kitu, na yule wa barabara kuu anafika Gairo mikono imekufa ganzi.

Nianze na kulitoa tairi, kwa sababu balansi nzuri huanzia hapo.

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, legeza ekseli, toa gurudumu. Toa upepo wote: fungua ile sindano ya ndani ya valvu, usiridhike kwa kuibonyeza tu. Lilaze gurudumu juu ya tairi kuukuu au mbao mbili, upande wa diski ukiwa juu, usiikandamize. Kisha kanyaga ubavu wa tairi kwa kisigino mpaka mdomo wake ubanduke kwenye rimu, pande zote mbili. Likiwa gumu, lianike juani nusu saa kwanza. Mpira ukipata joto unalainika.

Sasa sikiliza hapa. Mdomo wa tairi una waya ndani, na waya huo hautanuki. Ukivuta kwa nguvu hautanuki, ukivuta kwa hasira hautanuki. Lakini tazama katikati ya rimu: pana mfereji, penye mzingo mdogo kuliko kingo. Mdomo wa upande mmoja ukiusukumia ndani ya mfereji huo, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka ukingo. Kazi nzima iko hapo. Kila ninapomwona mtu anatokwa jasho na bomba refu alilochomeka kwenye liva, chuma bapa cha kung'olea tairi, najua upande wa pili wa tairi lake umepanda juu, hauko kwenye mfereji.

Kwa tairi lenye tyubu anzia kwenye valvu. Piga magoti upande wa mbali ili uushikilie mdomo ndani ya mfereji, paka maji ya sabuni, ingiza liva, inua kidogo tu, kama sentimita tano, kisha liva ya pili jirani yake. Bisibisi isikaribie kabisa. Niliharibu tyubu mpya tatu kwa bisibisi nikiwa najifunza, zote zikawa na tundu mbili mbili za kufanana, alama ya chuma kuibana tyubu kwenye rimu. Grisi na oili pia ziache, zinakula mpira.

Tyubu ikishatoka, pitisha kitambaa ndani ya tairi kutafuta msumari au mwiba. Angalia ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Ukiwa umechanika, tyubu mpya itatobolewa kutoka ndani.

Kwenye tairi jipya soma vitu vitatu. Mshale wa ubavuni unaonyesha linavyopaswa kuzunguka. Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni ni umri: 1422 ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Na tafuta nukta ndogo ya rangi, mara nyingi ya njano, iliyopakwa karibu na mdomo. Huo ni upande mwepesi wa tairi. Uweke palepale penye valvu, kwa kuwa valvu huongeza uzito pale ilipo. Kwenye pikipiki ya yule kijana nukta ilikuwa upande wa pili kabisa, kwa hiyo uzito wa tairi na uzito wa valvu vilikaa pamoja.

Kurudisha ni njia ileile ikigeuzwa. Tia tyubu upepo kidogo, tu ipate umbo, ipake poda, anza kuingiza mdomo upande ulio mbali na valvu na umalizie kwenye valvu. Pale penye valvu tyubu inaziba mfereji, kwa hiyo pasiwe pa kwanza. Jaza upepo, na utazame ule mstari mwembamba uliozunguka ubavu: lazima uwe umbali uleule kutoka kwenye rimu pande zote. Ukizama sehemu moja, toa upepo, ongeza sabuni, jaza tena. Usipite psi 40 kwenye kipimo cha upepo. Tairi lililokaa upande litarusha pikipiki hata ulibandike robo kilo ya risasi, vile vipande vizito vya kubalansia. Nati ya valvu nayo usiikaze kwenye rimu. Ipandishe ibane kwenye kifuniko. Tyubu ikihama, valvu italala upande na utaiona mapema, badala ya kung'oka barabarani.

Halafu balansi. Safisha ekseli, ipitishe kwenye beringi bila kile kisahani cha breki za dramu kinachobeba shuu, na uegemeze ncha zake juu ya viti viwili vyenye urefu sawa. Gurudumu liwe huru kabisa. Beringi zikiwa zinakwaruza zitakudanganya, hizo badilisha kwanza. Zungusha taratibu. Pakisimama chini ndipo pazito. Tia alama ya chaki juu, mkabala wake. Hapo bandika gramu 5 kwa utepe wa karatasi, kisha sogeza alama iwe usawa wa ekseli na uachie. Ikipanda, ongeza, ikishuka, punguza. Gurudumu likikaa tuli popote unapoliacha, umemaliza. Futa rimu kwa spiriti na ubandike risasi zenyewe. Kwenye spoki, waya wa lehemu uliozungushwa na kubanwa vizuri unafaa. Gurudumu la pikipiki ni jembamba, hivyo kipimo hiki cha viti kinatosha.

La kijana nilianza kwa kuligeuza tairi mpaka nukta ikafika kwenye valvu. Baada ya hapo lilidai gramu 10 tu.

Unaporudisha gurudumu la nyuma lenye breki za dramu, ule mkono wa chuma unaozuia kisahani cha breki kisizunguke ufunge kwa bolti na pini yake. Ukisahauliwa, breki ya kwanza inaweza kufunga gurudumu ghafla. Alama za kurekebishia cheni zilingane kushoto na kulia. Kanyaga breki huku ukikaza ekseli, ili shuu zikae katikati. Kama ni ya diski, pampu breki mara kadhaa kabla hujaondoka.

Upepo fuata kibandiko cha pikipiki yako. Nyingi za cc 125 hadi 150 hutaka karibu psi 25 mbele na 28 hadi 32 nyuma kulingana na mzigo. Tairi jipya linateleza, kwa hiyo kilomita 100 za mwanzo lala kona kwa kiasi. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, pima upepo tena: ukiwa umeshuka, liva imeigusa tyubu mahali.