Je, wajua kwa nini manowari moja huandikiwa uzito tofauti katika ensaiklopidia?

Msomaji anayetafuta habari za HMS Dreadnought, manowari ya Uingereza iliyoshushwa majini Februari 1906, huenda akakuta makala moja ikisema kwamba uzito wake ulikuwa tani 18,120, nyingine ikitaja tani 18,410, ya tatu tani 20,730 na ya nne tani 21,060. Ni rahisi kudhani kwamba watatu kati ya waandishi hao wamekosea. Hata hivyo, tarakimu zote nne zaweza kuwa sahihi, na anayepitia makala ya namna hiyo kabla haijakubaliwa hana budi kuuliza kwanza kila tarakimu inapima nini.

Tofauti ya kwanza ni ya kipimo tu. Waingereza wa wakati ule walitumia tani yenye kilo 1,016, ilhali tani ya mfumo wa metriki ina kilo 1,000, na kwa hiyo tani 18,120 za Kiingereza ni sawa na takribani 18,410 za metriki. Hesabu hiyo humalizika kwa dakika moja.

Tofauti ya pili ndiyo inayostahili muda wa mhakiki. Uzito wa manowari ni uzito wa maji yanayosukumwa kando na sehemu yake iliyozama, na kiasi hicho hubadilika kila makaa ya mawe, risasi, maji na chakula vinapopakiwa au kutumiwa. Tarakimu ya 18,120 ni ya Dreadnought ikiwa na shehena ya kawaida, yaani sehemu tu ya makaa iliyoweza kuyabeba. Ile ya 20,730 ni ya meli iliyojazwa pomoni. Makala inayotoa moja kati ya hizo bila kutaja hali ya shehena haijamweleza msomaji jambo lolote la uhakika.

Wala hili si suala la karani mpenda tarakimu. Ubavuni mwa Dreadnought kulikuwa na mkanda wa deraya wenye unene wa milimita 279, uliokusudiwa kuilinda meli pale inapokutana na maji, kwa kuwa tundu mahali hapo huingiza bahari ndani. Kwa shehena ya kawaida, ukingo wa juu wa mkanda huo ulikuwa takribani sentimita 60 juu ya maji. Meli ilipojazwa, ukingo huo ulizama kwa zaidi ya sentimita 30, na mahali pale pa hatari pakabaki na deraya nyembamba ya milimita 203. Makala inayosifu unene wa deraya bila kueleza meli ilizama kiasi gani inasifu kinga ambayo, siku ya kuondoka bandarini na makaa tele, ilikuwa chini ya maji.

Uzito na kina, yaani kiasi meli inavyozama majini, viliamua mambo hata kwenye pwani yetu. HMS Goliath, manowari kubwa iliyoanza kazi mwaka 1900, iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga mwishoni mwa Novemba 1914, lakini kina chake kiliizuia kuisogelea vya kutosha Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Kazi hiyo ilifanywa Julai 1915 na Severn na Mersey, meli ndogo za mizinga zilizoweza kupita kwenye maji machache.

Mtego mwingine ni tarakimu inayoitwa uzito sanifu, yaani uzito wa meli iliyo tayari kwa safari pamoja na mabaharia na risasi zake, lakini bila mafuta wala makaa. Kipimo hicho kiliwekwa na Mkataba wa Washington wa Februari 1922, ambao uliziwekea manowari kubwa kikomo cha tani 35,000. Dreadnought iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1921. Makala inayoipa uzito sanifu inaipima kwa kanuni ambayo haikuwapo wakati wa uhai wake, na kwa maoni yangu kosa hilo ni baya kuliko kukosea tani mia mbili, kwa sababu linaonyesha kwamba jedwali limejazwa bila kufikiri.

Mizinga nayo ina kasoro ya aina hiyo. Mizinga mikuu ya Nassau, manowari ya Ujerumani, huandikwa kuwa ya sentimita 28, lakini kipenyo chake halisi kilikuwa milimita 283.

Hatimaye mhakiki atafika kwenye dai kwamba Dreadnought ilikuwa manowari ya kwanza kubuniwa kwa mizinga mikubwa ya aina moja, na hapo aisimamishe kalamu. Satsuma ya Japani ilianza kujengwa Mei 1905, miezi kadhaa kabla ya mkuku wa Dreadnought kuwekwa rasmi tarehe 2 Oktoba, ikiwa imepangiwa mizinga 12 ya inchi 12, ila gharama na uhaba wa mizinga viliifanya ikamilishwe na minne tu ya ukubwa huo, pamoja na 12 ya inchi 10. Bunge la Marekani nalo lilikuwa limeidhinisha South Carolina na Michigan, manowari za mizinga mikubwa ya aina moja, mwezi Machi mwaka huohuo, ingawa hazikuanza kazi hadi 1910. Linaloweza kuandikwa bila wasiwasi ni kwamba Dreadnought, yenye mizinga kumi ya inchi 12, ilikuwa ya kwanza kukamilika, Desemba 1906.