Taa zenye akili haziongezi barabara

Wiki iliyopita, katika kikao cha wafanyabiashara hapa Dar es Salaam, mwenye kampuni moja ya usambazaji aliniuliza kwa nini ahangaike kubadili ratiba ya malori yake ilhali taa za makutano zitafungwa akili mnemba na foleni itakwisha. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi mno, tena na wasomi, na safari hii uvumilivu umeniishia.

Akili mnemba hugawa muda wa kijani, haiutengenezi. Njia moja ya barabara hupitisha takriban magari 1,900 kwa saa endapo kijani hakizimiki kabisa, na hiyo ni njia isiyo na bajaji iliyoegeshwa. Mzunguko mzima wa taa ukiwa wa sekunde 120, na upande wako ukapewa 30, yatapita 475 kwa saa. Yakija 700, kila saa yatabaki 225, na hakuna programu ya kuyayeyusha. Upande mwingine ukiwa na nafasi, mashine itaazima sekunde huko, na hapo ndipo inapong'ara. Pande zote nne zikijaa, itaazima kwa nani?

Mtu atanitajia Pittsburgh, Marekani, ambako mwaka 2012 mfumo wa Surtrac wa kuongoza taa kwa akili mnemba, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ulijaribiwa kwenye makutano tisa na muda wa safari ukapungua kwa takriban asilimia 25. Ni kazi nzuri: kila makutano hujipangia ratiba na kuwaarifu majirani zake magari yanayokuja. Lakini mfumo ule uliokoa sekunde zilizokuwa zikipotea bure. Haukujenga njia ya tano.

Linaloniudhi zaidi ni suala la vihisi, vile vifaa vinavyohesabu magari barabarani. Kihisi kilichowekwa karibu na mstari wa kusimamia huhesabu waliopita, si waliotaka kupita. Foleni ikishakipita, hesabu hung'ang'ania 475, wawe wanasubiri 50 nyuma yake au 500, na mashine iliyofundishwa kwa takwimu hizo huamini kwamba mahitaji ni 475. Hapo sijamtaja trafiki anayezima taa saa 12 jioni na kuongoza kwa mkono, akiuachia upande mmoja dakika kadhaa mfululizo. Rekodi ya jioni hiyo ni kumbukumbu ya maamuzi ya trafiki, nasi huichukua tukaifundishia mashine kana kwamba ndiyo tabia ya barabara. Takwimu za simu za madereva husaidia kuuona mkia wa foleni, ila hupima mwendo vizuri kuliko zinavyohesabu magari. Hata mradi wa Green Light wa Google, unaotumia takwimu za aina hiyo, humpa mhandisi wa jiji mapendekezo tu. Kubadili taa bado ni kazi yake.

Lipo pia swali ambalo si la mashine: ipunguze kusubiri kwa nani? Ikihesabu magari, basi la mwendokasi lenye abiria zaidi ya 100 ni sawa na gari dogo la mtu mmoja. Jiji ndilo linalopaswa kuamua, na kuamua hadharani.

Nami nikiri: ile 1,900 siiamini sana kwa makutano yetu. Bodaboda 20 hujipenyeza hadi mbele ya mstari kabla ya kijani kuwaka, na sijui kama zinaongeza uwezo wa njia au zinaupunguza. Nimehesabu kwa mkono asubuhi mbili, majibu yakapingana.

Yule mwenye malori nilimshauri ashushe mizigo usiku, kwa sababu lori lake likiegeshwa mita 20 kabla ya mstari linafuta njia nzima, na hakuna taa itakayoirudisha. Alinijibu kwamba maduka mengi anayoyahudumia hufungwa saa 2 usiku, hivyo hakuna wa kupokea mzigo. Tumekubaliana aanze na maduka matatu ambayo wenyewe wako tayari kumwachia mlinzi ufunguo wa stoo na hati ya kupokelea.