Tovuti Inafunguka, kwa Hiyo Iko Salama?

Wenye tovuti wengi hudhani kwamba maadamu kurasa zinafunguka, hakuna haja ya kugusa mfumo unaoziendesha. Lakini tovuti iliyodukuliwa nayo hufunguka vizuri tu.

Chukua Drupal 7, mfumo wa kuendeshea tovuti uliotoka Januari 2011. Oktoba 15, 2014 watunzaji wake walitangaza kasoro kubwa na kutoa toleo 7.32 la kuiziba. Mashambulizi yalianza saa chache baadaye, nao wakaonya kwamba tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya muda wa saa 7 ihesabiwe imeshaingiliwa. Saa saba! Tangazo la tiba ndilo lililowaonyesha wadukuzi pa kupigia.

Tangu Januari 5, 2025 Drupal 7 haitolewi tena viraka rasmi vya usalama. Kuhamia toleo jipya si kubonyeza kitufe, maana kuanzia Drupal 8 msingi ulijengwa upya: makala huhamishika, ila mandhari (sura ya tovuti) na moduli (vipengele vya ziada) za zamani hazifanyi kazi. Ni gharama kweli. Kwa tovuti ndogo isiyobadilika, mimi ningezigeuza kurasa ziwe HTML tupu, yaani mafaili yanayofunguka bila mfumo nyuma yake, na kuuzima mfumo kabisa. Yenye akaunti za wateja ihamishwe, tena mapema.